Barua dhidi ya Jiko la Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Dai langu ni hili, nami niko tayari kulitetea mbele ya yeyote mwenye subira ya kunisikiliza: wakazi wa mtaa huu hawaustahili mkahawa walio nao.

Sisemi kwa hasira. Jana mchana nilikaa katika meza yangu ya pembeni nikawatazama mmoja mmoja. Bwana mmoja alijipangusia vidole kwenye pazia, ilhali karatasi za kupangusia zilikuwa mbele yake. Mama mmoja, ambaye mumewe amekonda kwa upishi wake, alimfundisha mwenye mkahawa namna ya kupika dengu. Kijana wa rika langu alichokonoa meno, akakitazama alichokipata, akakirudisha. Na wote, wakubwa kwa wadogo, humwita mzee wa miaka sitini "Wee Bizari!" kama wamwitavyo mbuzi aliyeingia shambani.

Huyo Bwana Bizari ndiye mwenye mkahawa wa Kihindi ulio mwisho wa barabara yetu. Lazima ana jina jingine alilopewa na wazazi wake, lakini sijawahi kumsikia mtu akiliuliza. Yeye huhudumia mezani. Anayepika ni dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, na ambaye haonekani. Huonekana mkono wake tu, wenye bangili moja ya shaba, ukisukuma sahani kupitia dirisha dogo la jikoni. Miaka kumi na miwili nimekula kutoka katika mkono ule: dengu nzito iliyomiminiwa mbegu za jira zikingali zinalia ndani ya samli, mikate ya tanuri yenye malengelenge meusi, achari ya ndimu inayomfanya mtu afumbe jicho moja. Nimesoma vitabu vingi, na ni vichache vilivyonipa uhakika ninaoupata katika sahani ile. Kisha nageuza shingo, namwona yule wa pazia.

Alhamisi, 7 Machi

Alhamisi ni siku yetu, mimi na Baba Mdogo. Ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, ndiye aliyenisomesha, na tangu nilipoingia sekondari hunipeleka kwa Bwana Bizari kila Alhamisi saa saba mchana. Alikuwa mkaguzi wa shule. Sasa amestaafu na ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi, kazi anayoifanya kwa uso uleule aliokuwa akiingia nao madarasani.

"Msomi," akaniambia akivunja mkate, "maombi ya kazi yamejibiwa?"

"Bado, Baba Mdogo."

"Falsafa!" Akacheka hata masharubu yakagusa mchuzi. "Wewe umeisoma falsafa miaka minne. Mimi nimekujengea choo kwa wiki mbili. Kipi kinamsaidia binadamu asubuhi?"

Nilimjibu kwamba swali lenyewe ni la kifalsafa. Bwana Bizari, aliyekuwa akimimina maji, alicheka kwa adabu kama mtu asiyetaka kumshinda mgeni yeyote. Nilimwona mnyenyekevu kupita kiasi. Sipendi unyenyekevu wa watu wa biashara. Una harufu ya hesabu.

Choo kinachotajwa ni cha chumba changu, kilichoongezwa nyuma ya nyumba mwezi wa Desemba ili, kwa maneno ya Baba Mdogo, "msomi asipange foleni na akina mama."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya siku tatu imeleta kitu. Tulipokuwa katikati ya chakula mlango wa nyuma wa mkahawa ulifunguka kidogo kwa upepo, na harufu ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Si ya kitunguu kilichooza wala ya samaki. Ilikuwa nzito, tamu kwa ubaya wake, ikitua nyuma ya ulimi. Watu waliziba pua kwa mkono wa kushoto na kuendelea kula kwa mkono wa kulia. Hakuna sahani iliyobakizwa hata punje.

"Bizari, leo umepika nani?" mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ni mvua, bwana," akajibu Bwana Bizari, akaufunga mlango na kusukumiza gunia chini yake. "Samahani sana. Ni mvua."

Mtu yule alipomaliza kucheka aliagiza mikate miwili zaidi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Harufu sasa inafika hadi kwa fundi viatu, ambaye hukaa barazani pa mkahawa. Amejifunga kitambaa usoni kama daktari wa upasuaji na anadai wateja wamemwongezea heshima.

Jumanne, 19 Machi

Baba Mdogo aliniita sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mama Mdogo alikuwa amewasha udi, na udi haukufua dafu.

"Mtaa unanuka," akasema. "Kamati lazima iandike kwa Bwana Afya. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Niliketi saa mbili mfululizo, na sikumbuki lini nimeona raha kubwa kama ile. Miezi minane nimekuwa nikiandika maombi ya kazi kwa watu wasiojibu. Hatimaye nilikuwa nimepewa jambo la kweli la kulijengea hoja. Nayo hoja ilijijenga yenyewe. Harufu huzidi nyuma ya mkahawa. Nyuma ya mkahawa pana jiko. Jiko hutoa mafuta na mabaki. Mafuta na mabaki huoza mvua inapoyaloweka. Hitimisho halina pa kukimbilia. Niliandika: "Kero hii ya kunuka imezaliwa na uzembe, imelelewa na uchoyo, na sasa imekua hata inatembea barabarani ikiwaamkia wapita njia."

Baba Mdogo aliisoma mara mbili. Alipofika hapo aliondoa miwani. "Aisee," akasema. Mkaguzi wa shule aliyewahi kuwanyima walimu mia moja alama kamili alisema "aisee."

Je, nimekiuka dai langu la kwanza? La. Mtu anaweza kukipenda chakula na kukemea namna kinavyopikwa. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na akili: kumpenda mtu kwa jicho moja na kumhukumu kwa jingine.

Alhamisi, 21 Machi

Tulikula kama kawaida. Bwana Bizari aliniongezea achari bila kuombwa. "Umekonda, mwanangu. Vitabu havina samli." Baba Mdogo aliagiza dengu mara ya pili. Barua ilikuwa katika mfuko wa koti lake, na kila alipoinama kuchovya mkate niliona pembe ya bahasha. Achari haikuwa na ladha, au ulimi wangu ulikuwa na shughuli nyingine.

Jumanne, 26 Machi

Sahihi arobaini na moja. Yule wa pazia amesaini. Yule mama wa somo la dengu amesaini, na akaongeza pembeni kwa mwandiko wake, "Na chumvi inazidi."

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nimesoma kurasa mia moja na sielewi nimesoma nini.

Jumanne, 2 Aprili

Bwana Afya amekuja. Ni mtu mfupi mwenye buti za mpira na uso wa mtu aliyekwisha kunusa kila kitu duniani. Alisimama barazani pa mkahawa, saa sita mchana, meza zote zikiwa zimejaa, akaikunjua barua yangu na kuisoma kwa sauti. Sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa na mtu mwingine. Alipofika kwenye "imezaliwa na uzembe, imelelewa na uchoyo," watu walitikisa vichwa kama waliosikia shairi, na kwa muda, nakiri, niliona fahari.

Kisha nikamwona Bwana Bizari. Alikuwa ameshika birika la maji kwa mikono miwili. Hakulitua. Alilishika vile hadi barua ikaisha, akaendelea kulishika wakati Bwana Afya akibandika karatasi mlangoni: mkahawa umefungwa, mwenyewe asipoiondoa sababu ya harufu hadi tarehe ishirini na tatu, leseni inafutwa kabisa.

"Lakini mzee," akasema Bwana Bizari, "sijui sababu ni nini."

"Jiko lako, mzee wangu. Imeandikwa hapa."

"Uliingia jikoni?"

"Siyo lazima. Imeandikwa vizuri sana."

Nalo hili lazima liandikwe pia, ili siku moja nisije nikajiambia nililiota: karatasi ilipokwisha kubandikwa, mtu mmoja miongoni mwa waliosaini aliinua mkono akauliza, "Sisi tulioagiza tayari, tunafungiwa cha kwenda nacho?" Na walifungiwa! Mkono wenye bangili ulisukuma vifurushi kimoja baada ya kingine kupitia dirisha dogo, nao wakavipokea, wakaondoka chini ya mvua wakivikumbatia vifuani vikiwa na joto.

Baba Mdogo alichukua viwili.

Ijumaa, 5 Aprili

Jana ilikuwa Alhamisi. Tulikula wali nyumbani. Hakuna aliyezungumza ila Mama Mdogo, naye alizungumza na kijiko.

Jumanne, 9 Aprili

Alasiri mlango wa chumba changu ulibishwa. Alikuwa Bwana Bizari, mwavuli mkononi, viatu amevivua nje ijapokuwa sakafu yangu ni ya saruji na ni chafu kuliko viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua." Akatoa nakala ya barua ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa kwa uangalifu. "Haya maneno makubwa yananipita juu kama ndege. Dada naye anataka kuelewa tumeshitakiwa nini. Njoo utusomee polepole. Na ukiweza, utuandikie jibu. Mtaa huu hauna msomi mwingine."

Nilimfuata. Ningeweza kusema nina homa. Nilimfuata kwa sababu sikuweza kufikiri uongo wenye muundo mzuri.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili niliingia jikoni. Nimesoma vitabu kuhusu nchi ambazo sitazikanyaga, na sikuwahi kutembea hatua tisa kutoka meza yangu. Sakafu ya mawe imesuguliwa hata imekuwa laini kama kiganja. Sufuria zimetundikwa kwa ukubwa, ya mwisho ndogo kama kikombe. Palikuwa na madebe matatu yenye vifuniko, na kapu la mikate ya jana. Harufu ilikuwa ya jira, ya moshi wa tanuri na ya sabuni. Basi. Nilivuta pumzi kwa makusudi, nikitafuta uzembe wangu. Haukuwamo.

Shangazi ni mfupi kuliko mkono wake. Miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinionyesha kigoda.

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika pale akanizuia.

"Imezaliwa na uzembe. Ndiyo nini?"

"Ni... kutoijali kazi, Shangazi."

"Nani haijali?"

"Barua inasema jiko."

"Jiko halina mikono. Nani?"

"Wewe, Shangazi."

Alishusha kikaango kilichotumika asubuhi kuwapikia yeye na ndugu yake, akachukua kipande cha mkate mkavu kapuni, akakipangusa kikaango chote, pembe kwa pembe, hata chuma kikang'aa bila tone la maji. Mkate uliojaa mafuta akautia katika debe la kwanza. "Hili la kuku wa jirani." Akafunua la pili, mafuta yaliyotumika yakiwa yametulia kama asali. "Hili la mpika sabuni." La tatu lilikuwa na maganda. "Hili la bustani." Ndipo akakiosha kikaango, kwa maji yaliyobaki meupe.

"Mama yetu alitufundisha hivi," akasema. "Mafuta yakinyweshwa mfereji, mfereji unakufa. Miaka ishirini na sita halijapita tone. Huyo aliyeandika, mwambie aje ayaonje maji ya sinki langu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na lugha, nilikuwa na shahada. Nikasema: "Barua ina kasoro za hoja."

"Ina kasoro," akarudia Bwana Bizari kwa matumaini, akanitilia chai.

Nikainywa. Naandika haya na chai ile ingali inapanda na kushuka kooni kama kitu kilichokataa kukaa ndani yangu. Wiki tano nimejaza kurasa hizi kwa kinyaa nilichowaonea watu wanaojipangusa kwenye mapazia.

Jumatano, 10 Aprili

Leo fundi bomba aliyeitwa na Bwana Bizari aliinua kifuniko cha chemba iliyo katika ua wa mkahawa. Sitaeleza kwa urefu nilichokiona, ila sitakificha pia, kwa kuwa kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, rangi ya kahawia, kikizunguka polepole, na juu yake kulikuwa na vipande vya karatasi laini. Fundi viatu alishusha kitambaa chake ili aone vizuri, akakipandisha upesi.

"Hiki si cha jikoni, bosi," akasema fundi bomba akichungulia kwa utulivu wa mzoefu. "Hiki kimeshapita kwa mtu."

Akatueleza, na maelezo yake yalikuwa na mantiki kuliko ukurasa wowote nilioandika. Chemba ile si ya maji taka. Ni ya mfereji wa mvua, unaopita chini ya ardhi kutoka nyumba saba zilizo juu ya mkahawa hadi barabarani. Pale barabarani umezibwa na mchanga. Mvua ikinyesha, maji hurudi nyuma na kutoka pale palipo chini kuliko kwingine, yaani uani kwa Shangazi. "Kuna mtu huko juu amechomeka choo kwenye mfereji wa mvua. Tia rangi katika kila choo, uone ya kipi itatokea hapa."

"Rangi ya nini?" akauliza Shangazi kutoka mlangoni. "Manjano yapo. Sina ninayempikia."

Jumamosi, 13 Aprili

Tulianza saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Mimi nilibeba kopo la manjano na ndoo. Fundi viatu aliwekwa zamu kwenye chemba, ambayo fundi bomba alikuwa ameipunguza maji. Wenye nyumba wote walikubali, na walikubali kwa furaha, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika mkosaji ni jirani yake.

Nyumba ya kwanza: tukatia, tukamwaga ndoo, tukangoja. "Hakuna!" akapaza fundi viatu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne. Kundi likawa kubwa. Wengine walikuwa wameshika vikombe vya chai. Ya tano. Ya sita, ya yule bwana wa pazia, ambaye alisikitika kama mtu aliyekosa bahati nasibu. Ya saba ni yetu. Baba Mdogo hakuwepo. Mama Mdogo alinifungulia choo cha ndani bila kuniangalia. Nikamwaga.

"Hakuna!"

Nilitoka nje nikiwa mwepesi, tayari nikitunga nadharia kuhusu nyumba ya nane. Shangazi alikuwa amesimama getini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kumwona mzima.

"Na chumba chako cha nyuma, mwanangu? Hakina choo?"

Nilicheka. Niliingia nikicheka. Nilitia vijiko vitatu vya manjano katika choo nilichojengewa, nikavuta maji, nikamwaga na ndoo juu yake. Kutoka uani kwetu hadi chemba ile ni hatua themanini. Sikuwa nimefika ya hamsini niliposikia sauti.

"Hiyoooo! Njano! Njano kama pilau la harusi!"

Nilifika nikaona. Ilitoka ikizunguka, nzuri kabisa, rangi ya jikoni mwa Shangazi, ikielea juu ya kitu ambacho tangu Desemba kilikuwa changu.

"Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!" fundi viatu akaniambia, machozi ya kicheko yakilowesha kitambaa chake. "Kumbe na falsafa inakunya!"

Watu walicheka hata wakashikana. Kisha, kama waliokumbuka kuwa na sufuria motoni, wakatawanyika.

Jumapili, 14 Aprili

"Baba Mdogo, ulijua?"

Alikuwa akinyoa barazani, kioo kikiwa kimetundikwa msumarini. Hakugeuka.

"Kujua nini? Shimo letu lilikuwa limejaa. Mfereji ulipita palepale. Mfereji ni wa umma, na wewe ni umma."

"Ni wa mvua."

"Maji ni maji."

"Ukaniambia niandike barua dhidi yao."

Hapo akageuka, nusu ya uso ikiwa na povu. "Nilikwambia mtaa unanuka. Uzembe na uchoyo uliviweka wewe. Mimi hata sikujua maneno hayo yanaweza kulala kitanda kimoja."

Ni kweli. Nikasema, "Tuchimbe shimo jingine. Tumwambie Bwana Afya kabla ya tarehe ishirini na tatu."

"Mvua ikiisha tutaona."

"Mkahawa utakuwa umekufa."

"Wahindi hao hawakosi pa kwenda."

Alisema hivyo, mtu ambaye nilipofaulu mtihani wa mwisho aliagiza meza tatu ziunganishwe, akamshika Bwana Bizari bega na kumwita "ndugu yangu." Nilimtazama akijifuta povu kwa taulo. Mkono ulionisomesha. Niliona nywele ndogo nyeupe zimebaki ukingoni mwa beseni, na sikuweza kuziangalia.

Baadaye Mama Mdogo aliniletea chai chumbani. "Mwanangu, aliyekusomesha humwanikii choo chake juani."

"Na aliyenilisha, Mama?"

"Alikulisha huyo baba yako mdogo."

"Alilipia. Aliyenilisha ni Shangazi."

Akaichukua chai yake akaondoka nayo.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwambia Shangazi. Nilisimama jikoni na kusema: barua ni yangu, kila neno. Bwana Bizari aliketi. Shangazi hakuketi.

"Yale maneno mazuri yalikuwa yako?"

"Yangu, Shangazi. Naomba radhi."

Aliikaza bangili yake. "Uliniandika mbele ya watu arobaini na mmoja," akasema. "Usiniombe radhi jikoni."

Alhamisi, 18 Aprili

Mkutano wa kamati. Watu wote walioiona njano ikitoka walikuwepo. Niliinua mkono mara nne. "Hoja ya kijana haimo katika ajenda," akasema mwenyekiti mara nne, kwa sauti ya ukaguzi. Nikasimama bila ruhusa, nikauliza nani aliona Jumamosi alichokiona. Watu wakatazama viatu vyao. Yule mama wa somo la dengu alinivuta shati. "Msomi, kaa. Tumekwisha kusaini. Tutajifutaje?" Na yule wa pazia: "Lakini kweli, kijana, hata kama si wao, si mtaa utapumua kidogo?"

Wakati wa kutoka wawili walikuwa wakiulizana wapi pengine mtu anaweza kupata mikate ya tanuri.

Dai langu la Machi lilikuwa sahihi, ila nililiandika kama mtu anayetazama kutoka dirishani. Naliandika upya: hatuustahili.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeukongomea misumari mlango wa choo changu. Baba Mdogo amenipa hadi mwisho wa mwezi nitafute pa kulala. Amesema kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko kelele. Mvua haijakoma.

Jumatatu, 22 Aprili

Bwana Afya anarudi kesho saa nne. Nimeandika nakala tatu: moja yake, moja ya Bwana Bizari, na moja nimeibandika alasiri hii kwenye ubao wa matangazo, ndani ya plastiki dhidi ya mvua, juu ya barua ya kwanza, iliyobandikwa hapo siku mkahawa ulipofungwa. Nainakili hapa.

"Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi, ambaye ni baba yangu mdogo na mlezi wangu.

Barua iliyoufunga mkahawa niliiandika mimi. Wengine waliiwekea sahihi. Maneno ni yangu, na ni ya uongo. Sikuingia jikoni kabla ya kulihukumu. Nimekwisha kuingia, nami nashuhudia kwamba ni safi kuliko chumba ninamoandikia haya, na kuliko akili iliyoandika yale. Mpishi wake, niliyemwita mzembe mbele ya watu arobaini na mmoja, namwomba radhi mbele ya wote wapitao hapa.

Kinachonuka ni choo changu. Kilichomekwa katika mfereji wa mvua mwezi wa Desemba. Jumamosi, tarehe kumi na tatu, kilithibitishwa kwa manjano mbele ya wenye nyumba sita, ambao nawaomba wayakumbuke waliyoyaona kwa macho yao.

Nakuuliza wewe, Mwenyekiti, si kama mtoto wako bali kama mkazi: ni kwa amri ya nani bomba lile lilielekezwa kule? Ulijua harufu ni yetu siku uliponiita sebuleni? Na kesho saa nne, Bwana Afya akiuliza mbele ya watu, utasema jiko au utasema choo?

Usinijibu barazani, wala kwa kupitia Mama Mdogo. Nijibu hapa, kwa mwandiko wako na sahihi yako, mahali ambapo waliosoma uongo wangu watausoma ukweli wako. Nusu ya chini ya karatasi hii nimeiacha wazi, na kalamu nimeifunga kwa uzi."